PDG Aliyenyimwa Firigisi

Lusangi, tarehe 14 mwezi wa tatu 2024

Kwa Mwalimu Hippolyte,
Mufundishaji wa semina ya wakulima, Kasongo

Mheshimiwa Mwalimu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Kama nyumba yako iko na amani, mushukuru Mungu, maana ya kwangu uliiharibu wewe.

Naitwa Magloire, baba Laura. Ni mimi niliyekaa mustari wa mbele siku zote tatu za semina, nikauliza maswali mpaka wenzangu wakaanza kuguna. Ulitufundisha kwamba nyumba ya mukulima ni kampuni sawa na kampuni zingine: iko na mukubwa, iko na wafanyakazi, iko na mupango. Neno hilo liliniingia. Nilirudi Lusangi nyuma ya pikipiki, matope mpaka masikioni, nikiwa tayari PDG, mukubwa wa wakubwa. Hata muhuri nilikuwa nao, nilichongesha sokoni katika soli ya kandambili.

Kesho yake nikaichora kampuni yetu ukutani kwa makaa. Juu, mimi. Chini yangu bibi yangu Pascaline, anayelima mupunga na kukamua mawese. Chini yake binti yetu Laura, anayefukuza ndege shambani akitoka masomo. Pembeni mama yangu muzazi, Mama Véronique, nikamuandika mushauri, ingawa anamenya mihogo kuliko anavyoshauri. Tangu siku hiyo nimeonewa kama ifuatavyo:

1. Mama alikataa kutia kidole kwenye mukataba wa kazi. Nilimueleza kwa upole kwamba kampuni haijui mama wala mutoto, inajua sahihi. Akaniangalia sana, akasema: "Magloire, mimi nilikunyonyesha bila mukataba." Kisha akaendelea na mihogo yake. Mwalimu, hilo ni jibu la mushauri?

2. Ulisema kila mutu aorodheshe kazi alizofanya kwa juma moja. Ni wewe ulisema, usikatae. Laura akaandika kwa chaki mulangoni. Kazi za Pascaline zilijaza mulango wote, zikahamia ukutani, zikaifuata picha yangu ya kampuni mpaka zikaigusa. Za mama zikaja nyuma. Zangu zilikuwa tatu, lakini nzito: kusimamia, kuwaza, na kuwakilisha nyumba mbele za watu. Binti yangu mwenyewe akaniuliza, kwa adabu, kusimamia kunafanyikia wapi, maana yeye anashinda shambani na hajaniona. Nikamujibu kwamba mukubwa anasimamia hata akiwa amelala. Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na kuhusu kuwakilisha, wakasema penye kilabu cha pombe cha Blaise hapahitaji muwakilishi kila siku.

3. Nikaitisha mukutano mukuu ili niwakumbushe nidhamu. Nikatangaza, kwa kinywa changu, kwamba kila mutu wa kampuni ana kura, nikijua watanichagua. Lo! Kura tatu kwa moja, Mwalimu, na mukono wa mama ndio ulioinuka kwanza. Wamenitia katika "congé technique", ile likizo ambayo mutu hafukuzwi, ila hana la kufanya wala la kuamua. Pascaline amekuwa PDG bila kuomba. Muhuri wangu sasa unakaza mulango wa kibanda cha kuku.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Jumapili ilichinjwa kuku. Wewe ni mutu wa huku, sina haja ya kukufundisha: firigisi ni ya baba wa nyumba. Baba anaweza kukosa paja, anaweza kukosa kifua, lakini akikosa firigisi watu wanaanza kuuliza kama bado yuko hai. Nilinawa mikono, nikakaa, nikatazama sahani yangu. Shingo. Firigisi iko kwa Laura, kwa sababu ameukinga mupunga usiliwe na ndege. Nikauliza kama ni makosa. Pascaline akanijibu bila hasira yoyote kwamba ni mupango wa kampuni, aliyefanya ndiye anayekula, ndivyo nilivyowaambia mwenyewe niliporudi kutoka Kasongo. Niliila ile shingo. Sitaki kukudanganya, iliniuma sana. Miaka kumi na sita nimekuwa baba katika nyumba hii, na siku ile nilijiona kama mugeni aliyechelewa.

5. Tangu Jumatatu nimeajiriwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwetu mwanaume anafyeka pori, anachoma, na kazi yake imekwisha. Baba yangu hakupalilia, babu yangu hakupalilia. Mimi PDG nimepewa jembe la mupini mufupi, kiuno kinalia, na watu wakipita njiani wananisalimia mara mbili ili wahakikishe ni mimi.

Kwa hiyo nakuomba uje wewe mwenyewe uifunge kampuni hii, uirudishe kuwa nyumba. Uje na barua ya kusema somo lile lilikuwa makosa. Tena naomba semina hizo zikatazwe kote, kutoka Kabambare mpaka Nyangwe, maana siku kila nyumba itaandika kazi zake mulangoni, wanaume wote wa huku watakula shingo, na kuku hana shingo mbili.

Unisalimie bibi yako, watoto, na wote tuliokaa nao mustari wa mbele, kama bado wana vyeo vyao.

Ni mimi, ninayeonewa na kampuni niliyoizaa,

Magloire,
PDG (katika congé technique)

N.B. Samahani, barua imekaa siku nne bila kutumwa, sikupata nafasi. Majani yalikuwa mengi kule bondeni. Jana Pascaline aliniletea sombe, majani ya mihogo, shambani, na badala ya kuondoka, akakaa. Hatujakaa hivyo, sisi wawili, tangu Laura azaliwe. Akaniuliza musimu ujao tulime wapi. Nikamuambia udongo wa bondeni unashika maji vizuri, nimeushika mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema sawa, tutalima huko tena. Mwalimu, miaka yote nimetoa amri katika nyumba hii, na sikumbuki hata mara moja mutu kuniuliza kitu akitaka kweli jibu langu. Kwa hiyo usije. Kama umeshaondoka, tafadhali rudi Kasongo.