Kanga ya Kijani ya Shangazi Nyamizi

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha familia kwenye simu. Nimeburuzwa. Binamu yangu Levina, aliyeko Dodoma, kasema mama yake hawezi kuendelea kuishi peke yake hapa Isevya. Wiki iliyopita Shangazi Nyamizi aliteleza bafuni, akakaa sakafuni saa mbili nzima, mpaka nilipofika kula chakula cha mchana. Nani alimwinua? Mimi, Nestory! Nani kashukuriwa? Hakuna.

Uamuzi: ipatikane kengele ya dharura inayofanya kazi kabla ya Jumapili, la sivyo Levina anakuja kumchukua. Shangazi kasema Dodoma haendi, labda abebwe. Kisha akaingia chumbani, akakawia, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Roho iliniuma. Isitoshe, nimekula kwake kila mchana kwa miaka kumi na moja. Uyoga wa karanga kama ule hauko kwingine Tabora nzima.

Nikajitolea kutafuta kengele. Levina akakubali haraka mno. Ana lake jambo.

Jumanne, 10 Juni

Sokoni kwa Nasri, muuza vifaa vya umeme. Ana kengele aina mbili, zote za kuvaa shingoni. Moja ni king'ora, ukibonyeza kinapiga kelele. Nyingine ina laini ya simu, ukibonyeza inampigia mtu. Nasri akanishauri nichukue ya simu. Akanishauri tena. Kwa nini anakazania? Nikamuuliza kama ana mtu Dodoma. Akasema dada yake kaolewa huko. Ahaa! Nikachukua king'ora.

Jioni nimemkuta Shangazi kaketi kando ya banda la kuku. Mwewe akitokea, anabonyeza. Anasema tangu saa nane hajapoteza kifaranga hata kimoja. King'ora kikalia nikiwa pale pale. Mtaa mzima hakuna aliyegeuza shingo. Wameshakizoea!

Jumatano, 11 Juni

Kwa Nasri tena, kichwa chini. Nimebadilishiwa. Namba ya kwanza nimejiandika mimi. Ya pili mimi, laini nyingine. Levina hayumo.

Saa nne ikanipigia. Nikaacha wateja wangu wa makava ya simu, nikarukia bajaji. Bajaji ikaishiwa mafuta njiani. Nikamalizia kwa miguu, ndala moja mkononi. Dakika arobaini. Shangazi yuko barazani anachambua uyoga, mzima kabisa. Alitaka tu kujua kama nitafika. Akasema kwa mwendo ule ningekuta watu wameshapakuliwa ubwabwa wa msiba.

Kisha akaniuliza taratibu: "Na nikizirai, mwanangu, atabonyeza nani?"

Nikala. Nimeamua kulala hapa kwake mpaka Jumapili, nichunguze mambo kwa karibu.

Alhamisi, 12 Juni

Hapa pana namna!

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Shangazi katoka, katundika kanga ya kijani kwenye waya wa mbele. Kanga kavu! Haijafuliwa! Nyumba ya pili barabarani akatoka Mzee Shomari, mstaafu wa reli, mgane, barakashia kichwani. Akaitazama ile kanga. Akapuliza filimbi mara moja. Akaingia ndani. Muda si muda Shangazi akaianua.

Jioni, mchezo ule ule. Machale yakanicheza.

Ijumaa, 13 Juni

Leo tena. Nimeisoma ile kanga maandishi yake mara tatu nikitafuta siri. Nikamuuliza Shangazi, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwendea Mzee Shomari, nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akanitazama kwa muda. Mtu asiye na lake hatazami hivyo. Ni posa? Ni nyumba? Au Levina kamweka atupeleleze?

Kesho namfumania.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa na nundu kichwani.

Alfajiri nilijibanza nyuma ya simtanki. Shangazi katundika kanga, kaenda kuoga. Nikainyakua, nikaisokomeza ndani ya shati. Mzee Shomari akatoka, akatazama waya. Hakupuliza. Akatazama saa yake. Akatazama tena. Ghafla filimbi tatu ndefu, na watu wakamwagika kutoka nyumba nne! Adelina wa genge na mwiko wake, vijana wawili na kitanda cha kamba cha kubebea mgonjwa. Mlango wakaung'oa. Shangazi akatoka bafuni na povu usoni, akiuliza ni nani kafa.

Kisha Adelina akaniona nyuma ya tangi, kanga ya kike ikichungulia kifuani. Nundu ni ya mwiko.

Mzee Shomari hakufoka, na hilo lilinitia aibu zaidi. Alisema waliyapanga wenyewe siku ya pili baada ya Shangazi kuanguka, asubuhi na jioni, kama kazini. Kijani, njia ni nyeupe. "Na ishara isipoonekana, bwana mdogo, ni hatari. Hungoji kuitwa. Unakwenda."

Nikamuuliza Shangazi kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Levina kapigiwa simu. Kataka kujua walifika kwa muda gani. Mzee Shomari akasoma saa yake: dakika nne. Nikamsikia Levina analia. Kasema mama abaki. Shangazi akajifunika uso kwa ile kanga, mabega yakimtikisika.

Ni dhahiri jaribio langu ndilo lililomwokoa. Hakuna aliyelitaja.

Jumapili, 15 Juni

Nimetengeneza mlango. Nimekula uyoga. Nilikuwa nifunge virago vyangu kwa amani.

Lakini jioni hii, Shangazi alipotundika kanga yake, hakuingia ndani. Alisimama akitazama upande wa Mzee Shomari. Dirishani kwa mzee pamening'inia kitambaa cha kijani! Shangazi akakitazama, akagonga sufuria mara moja, ndipo akaingia.

Kumbe ni pande zote mbili! Mzee wa miaka themanini, anaishi peke yake, watoto wote wako mbali. Kitambaa kile cha nini? Anaficha nini?

Kesho alfajiri nakiondoa, nione Shangazi atafanyaje. Ngazi nimeshaazima.