Mtoto Atatolewa Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Jana jioni niliona miezi mitatu angani. Mmoja mkubwa, miwili imeuegemea mabegani kama inayosinzia. Taa za barabarani zimeota manyoya. Nilisimama dirishani mpaka chai ikapoa. Uzuri mtupu! Huenda katika mji huu wote ni mimi peke yangu niliyeuona.

Kazini, aibu. Mteja amerudisha ndoo. Aliagiza rangi ya maziwa kwa chumba cha kulala, anadai nimempa samawati. Nikamshauri kwa adabu asubiri ikauke. Akasema imekauka tangu Ijumaa. Kijiti akacheka mpaka akajishikilia kwenye rafu. Huyu ni mchanganya rangi mwenzangu. Jina kalipata kwa kile kijiti cha kukorogea anachokichomeka mfukoni kama kalamu ya daktari. Akaniuliza, "Mzee wangu, hayo maziwa umekamua ng'ombe wa wapi?" Nilimtupia jicho la dharau, ingawa nadhani lilimpata yule mteja.

Tajiri, mwenye duka, ametangaza kuwa atafungua duka la pili mwisho wa mwezi. Anataka mkuu wa rangi. Ama mimi ama Kijiti. Sote watatu tumetoka kwetu kumoja kuja nchi hii kutafuta, lakini mimi nilimtangulia Kijiti. Haki ni yangu.

Baada ya kazi nikaenda kwa daktari wa macho, ghorofa ya juu ya duka la viatu. Kisirisiri. Nilipanda ngazi huku nikijifanya natafuta kandambili. Daktari akanimulika. Mtoto wa jicho! Macho yote mawili, na la kulia limeiva. Lenzi ya ndani imechafuka kama kioo cha bafuni. Ataitoa Jumatatu ijayo, aniwekee mpya. Nikizembea, jicho litafunga mlango. Nikamuuliza kama miezi itabaki mitatu. Akasema utabaki mmoja.

Nimehuzunika kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ni ruhusa. Tajiri akijua siyaoni makopo sawasawa, cheo ni cha Kijiti. Mke wangu naye akijua, ataniamuru nirudi nyumbani kesho. Tangu likizo yangu ya mwaka juzi anasema macho yangu yana walakini. Sababu ni ukuta wa sebule. Niliupaka mwenyewe rangi ya maziwa, yeye akasema hayo si maziwa. Nikamuuliza, kati yetu nani analipwa kwa kujua rangi? Akaenda zake jikoni. Nilishinda.

Mpango wangu: kusema kweli, lakini kwa kipimo. Nikamwendea Tajiri ofisini. Nikasema kuna mtoto, na daktari ameamua atolewe Jumatatu kwa upasuaji, naomba siku chache.

Tajiri akasimama. Akanikumbatia. Akasema nichukue wiki nzima, mtoto ni baraka katika umri wowote.

Nimejikagua neno kwa neno. La uongo, hakuna.

Kijiti amenishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, kumbe bado umo!" Ameniita mzee mara nyingi, lakini leo kwa mara ya kwanza lilikuwa na heshima ndani yake.

Jumatano, 5 Machi

Mke wa Tajiri amekuja dukani na kitanda cha mtoto. Kizuri, kina vijiti vya kuzunguka pande zote. Na nepi, furushi zima. Akaniuliza shemeji alikuja lini huku. Nikasema hajaja, yuko nyumbani, hatujaonana tangu mwaka juzi. Akatazama juu. Akahesabu kitu kwa vidole. Halafu akasema yeye hana la kusema, siri ya mtu ni ya mtu. Mwanamke mwenye busara sana.

Nimekiweka kitanda chumbani kwangu, nikakipiga picha nimtumie kwa shukrani. Kinafaa kuanikia soksi. Nepi ni nzuri ajabu kwa kufuta matone ya dawa. Jioni nililala chali nikitia dawa, dari likawa ziwa, balbu ikawa ua linalofunguka na kujifunga. Nilisahau cheo. Nilimsahau hata Kijiti.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa!

Dada yake Kijiti anakaa mtaa mmoja na mke wangu. Kijiti aliona si vizuri kufurahi peke yake.

Mke wangu alipiga simu nikiwa juu ya ngazi napanga makopo. Hakusalimu. Aliuliza mtoto atapewa jina la upande upi. Nikasema, mtoto gani? Akasema huyo anayetolewa Jumatatu. Nikashusha sauti, maana Kijiti alikuwa chini yangu ananishikia ngazi, nikanong'ona: ni mtoto wa jicho. Akasema ndiyo, wa jicho la nje! Hilo jicho analijua siku nyingi, hakujua tu kwamba limepata mimba. "Babu mzima wewe! Wajukuu wawili wanakuita babu, na wewe unanunua nepi!"

Nikasema nepi nimepewa. Halikuwa jibu zuri.

Nikaapa kila kiapo ninachokijua. Akasema basi nimtumie picha, aone kwa macho yake yeye yasiyo na watoto. Jambo rahisi. Nikajifungia stoo, nikapiga picha ya jicho la kulia kwa karibu. Nikatafuta kwenye simu lile doa jeupe katikati, nikalituma na maneno haya: Huyu ndiye mwenyewe. Jumatatu anatoka.

Nilijisikia mwepesi. Nikatoka stoo, nikamwonyesha Kijiti simu kwa mbali, kwamba mambo ya nyumba yangu ninayaweza. Akaichukua, akaitazama. "Mzee, shemeji umemtumia kitanda."

Nimepiga simu mara nyingi. Imezimwa.

Jumapili, 9 Machi

Simu bado imezimwa.

Mchana nilikaa na picha yake, ile ya likizo, amesimama mlangoni. Niliipeleka karibu, niliipeleka mbali, niliipeleka dirishani. Ni wingu lililojifunga kitambaa. Ninakijua kitambaa, nilikinunua mimi. Uso nilikuwa nautia mwenyewe, kwa kukumbuka: pua hapa, kile kicheko chake cha upande mmoja pale. Halafu nikashituka kwamba sina hakika ni upande upi.

Daktari alisema mara chache sana jicho hukataa. Sikumuuliza mara chache ni ngapi. Jicho likikataa, nitabaki na wingu. Na wingu lenyewe limenizimia simu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa jicho moja, mistari inapanda mlima.

Walinitia dawa. Ganzi ikaingia kama maji ya uvuguvugu. Niliambiwa nitazame taa, nikaitazama, na taa ikaanza kuvunjika. Kwanza waridi. Halafu kijani cha majani machanga. Halafu rangi nisiyoijua, mimi niliyechanganya rangi miaka yote hii, ikielea taratibu kama nguo ndani ya beseni. Sauti ndogo ikanguruma, kifyonzi cha daktari. Nikawaza kumwomba asimamishe kidogo niikariri ile rangi. Ulimi ulikuwa mzito. Ikapita.

Kumbe mgonjwa haruhusiwi kutoka bila mtu wa kumchukua! Nilikuwa nimewaambia mtu wangu yuko njiani, na kweli watu wengi walikuwa njiani, niliwasikia kwa dirisha. Nesi hakungoja. Alichukua simu yangu akapiga namba ya juu kabisa iliyokuwa ikipokelewa. Duka.

Wakaja Kijiti na mke wa Tajiri, yeye na blanketi la manjano mkononi. Walinikuta kwenye benchi na kifuniko cha plastiki jichoni. Mke wa Tajiri akauliza yuko wapi mtoto. Mimi dawa ilikuwa bado kichwani, nikitabasamu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ametoka salama. Wamemvunjavunja kwanza, wakamfyonza kwa bomba, wakamtupa.

Mke wa Tajiri alikaa sakafuni.

Kijiti ndiye aliyeelewa kwanza. Alikitazama kifuniko changu. Akatazama kibao mlangoni, chenye picha ya jicho kubwa. Akasema polepole, "Mtoto... wa jicho." Halafu akatoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka chini ya ngazi, kwenye viatu.

Mke wa Tajiri hakucheka. Alinifunika blanketi la manjano mabegani, akasema nyamaza tu, shemeji, usiongee tena leo.

Jumanne, 11 Machi

Kifuniko kimetolewa.

Nani ameufua ulimwengu? Nilitoka kliniki nikasimama njiani kama niliyeshushwa kutoka mbali. Anga! Hakuna aliyeniambia kuwa bado ipo hivyo. Mlango wa muuza mkate ni wa buluu, buluu inayolia. Matofali yana mistari. Mti una majani moja moja. Nilimfuata bibi mmoja hatua kadhaa kwa sababu tu koti lake lilikuwa jeupe kwelikweli, mpaka akageuka akanikazia macho, nikayaona macho yenyewe, yana hudhurungi yenye vumbi la dhahabu. Nikamwomba radhi, nikamshukuru. Akaharakisha.

Chumbani, mapigo. Suti yangu nyeusi ni ya buluu. Soksi hazifanani. Ukuta nilioupaka mwenyewe rangi nyeupe ni samawati kama shule ya chekechea.

Alasiri simu ikalia. Yeye! Kwa video! Mke wa Tajiri alikuwa amemweleza yote, kupitia simu ya dada yake Kijiti. Alicheka mpaka akalia, akasema amefuta jina langu mara mbili na kuliandika tena. Halafu akajifuta macho. Akauliza, "Sasa unaniona?"

Nikamwona. Kicheko ni upande wa kushoto. Mvi zimeingia juu ya masikio, sikuwa na habari nazo. Kovu dogo kidevuni, la mlango wa kabati, lipo palepale. Nilitaka kusema jambo zuri sana. Nikasema mvi zako ni nyeupe safi, hazina unjano wowote. Kwa mchanganya rangi hilo ni neno kubwa. Nadhani alilipokea hivyo, maana alishusha macho.

Hapo ndipo nilipoona nyuma yake. Ukuta wa sebule.

Zambarau.

Si zambarau ya kubishaniwa. Zambarau ya zambarau. Akanifuata macho, akasema ndiyo, mume wangu, ndiyo hiyo, wageni wote wanauliza. Alijua tangu siku ile kwamba si rangi iliyoharibika, ni macho. Alisema. Nikamwambia yeye halipwi kwa kujua rangi. Sasa hataki mengi. Nikija likizo nikiri kwamba yeye alikuwa sahihi, tupake upya, na jambo lolote la jicho yeye awe wa kwanza kulijua. Nimeahidi.

Jumamosi, 15 Machi

Tajiri ameniita. Cheo amepewa Kijiti. Tajiri hakukasirika, aliona haya kwa niaba yangu, na hiyo ni mbaya zaidi. Amesema ningesema wazi angenipa ruhusa ileile. Mashine yangu ya kuchanganyia rangi inanisubiri. Daktari akishalitengeneza na jicho la kushoto, tarehe 31, nitarudi kuchanganya. Mpaka hapo niuze brashi.

Kijiti amenipigia makofi nikiuza brashi ya kwanza. "Hongera, mzee. Mama na brashi wanaendeleaje?" Kitanda cha mtoto amekichukua yeye. Mke wake amejifungua kweli. Mjanja, hakusema kitu miezi yote tisa.

Ijumaa, 28 Machi

Ugunduzi mkubwa!

Leo mke wangu amenitumia picha ya sebule, nianze kukadiria rangi. Nilikuwa naitazama kwa huzuni. Kwa bahati inzi akanitua kwenye jicho la kulia, nikalifunika kwa kiganja. Nikabaki na la kushoto, ambalo bado lina mtoto wake.

Ukuta ukabadilika. Taratibu, kama asubuhi inavyoingia chumbani. Ukawa wa maziwa! Maziwa mazito, yenye malai juu! Nikafunua la kulia: zambarau. Nikafunika: maziwa. Nilifanya hivyo mpaka mteja wa brashi akaondoka.

Kwa hiyo sikukosea. Nina shahidi. Jicho moja linasema hivi, moja linasema vile, na huwezi kumhukumu mtu wakati ushahidi umelingana. Na Jumatatu wanataka kunitolea shahidi wangu, wamvunjevunje, wamfyonze, wamtupe!

Nimepiga simu kliniki, nimeahirisha mpaka baada ya likizo. Nitaufikisha ushahidi nyumbani, nimsimamishe mke wangu mbele ya ukuta, na yeye afunike jicho la kulia, aone mwenyewe. Mashine yangu itasubiri. Brashi si kazi mbaya, na jana jioni, kwa la kushoto, miezi bado ilikuwa mitatu.

Mke wangu ameuliza kama Jumatatu iko palepale. Nimemwambia haitawezekana, daktari amesafiri. Na ni kweli. Nilimwona jioni hii, waziwazi, kwa jicho la kulia, akipanda basi kwenda kwake.

Neno la uongo, hakuna.