Ombi la Kupandishiwa Bei ya Nyumba hadi Jumamosi

Nyuma ya Nambari 11, Mtaa wa Corrigan,
Melbourne Magharibi.
Alhamisi jioni.

Dokta Lachlan Prewett,
Mchumi na Mwandishi wa safu ya "Soko la Nyumba",
Kwa hisani ya Mhariri.

Mheshimiwa Dokta,

YAH: OMBI LA KUPANDISHIWA BEI YA NYUMBA HADI JUMAMOSI SAA SITA MCHANA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mimi ni msomaji wako wa miaka saba, ingawa sikuchagua kuwa hivyo. Mchumba wangu, Adrian Camenzuli, mwalimu wa hesabu, hukata safu yako kwa mkasi kila Jumamosi na kuibandika ukutani, na ukuta huo ndio ninaouona nikiamka. Tunaishi katika gereji ya mama yake iliyogeuzwa chumba. Ni gereji nzuri. Ina zulia. Mlango wake bado unafunguka kwa kupanda juu, kwa hiyo tukitaka hewa, mtaa mzima unaona kitanda chetu.

Miaka saba iliyopita uliandika kwamba bei za nyumba katika mji huu zitashuka kwa asilimia kumi. Tukasubiri, zikapanda. Mwaka uliofuata uliandika kwamba sasa zitashuka zaidi, kwa sababu zimepanda. Sina ugomvi na hoja hiyo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa nambari kwa kuwa Adrian anasema wewe ni mtu wa nambari.

1. Sahani. Bibi yangu aliniachia sahani ishirini na nne zenye maua ya buluu. Nilizifunga kwenye maboksi wiki ile ya utabiri wako wa kwanza, maana Adrian alisema tutahama kabla ya Krismasi. Nilizifunga kwa gazeti, na gazeti lililokuwapo lilikuwa lako. Kila mwaka karatasi zikichakaa nafungua maboksi, nazifunga upya kwa utabiri mpya, kisha nayarudisha maboksi chini ya kitanda. Tunakula kwenye sahani za plastiki za pikiniki. Yangu ina picha ya dubu.

2. Robo. Nikimwambia Adrian, "Kuna nyumba inauzwa nyuma ya kituo cha treni, twende tukaione," hunijibu kwa upole, "Mel, tusubiri robo mwaka moja tu. Prewett anasema inashuka."
"Alisema hivyo robo iliyopita."
"Ndiyo. Kwa hiyo sasa imekaribia."
Nimezihesabu robo hizo, Dokta. Ni ishirini na nane. Benki imetukubalia mkopo mara nne, na mara zote nne kibali kimekufa kwa uzee mfukoni mwa Adrian. Cha tano kinakwisha Jumatatu ijayo, na benki imesema hakutakuwa na cha sita.

3. Lugha yako. Nimesoma chuo kikuu, na nilifaulu vizuri, lakini mwezi Machi uliandika kwamba "kasi ya kupanda itashuka". Adrian aliimba siku nzima. Mimi nilikaa na sentensi ile hadi jioni, nikagundua kwamba kitu ambacho kasi yake ya kupanda imeshuka bado kinapanda. Nilipomwonyesha, alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu ndugu yake.

4. Mama Karmena. Huyu ndiye mama mkwe wangu mtarajiwa. Kila Jumamosi, kama nusu ya wakazi wa mji huu, yeye huenda kutazama mnada wa nyumba ambayo hana nia ya kuinunua. Hubeba kiti cha kukunja na pastizi, vile visambusa vya jibini vya kwao, ndani ya taulo, hukaa ukingoni mwa barabara mbele ya dalali, huhesabu magari yaliyoegeshwa na kutazama viatu vya waliokuja, halafu hutaja bei. Mwaka huu amepatia minada tisa kati ya kumi. Hana shahada. Ana kiti. Sasa majirani wanamwuliza yeye badala ya kukusoma wewe, na jambo hilo limeleta baridi mezani petu. Juzi alimwambia mwanawe, "Adrian, nyumba si paka aliyepanda mti. Haiteremki kwa sababu umesimama chini unaiita."
"Mama, kuna takwimu."
"Takwimu zina umri gani? Maana wewe una thelathini na sita."

5. Hili la tano nilitaka kuliacha. Mwezi wa pili nilimwuliza Adrian habari ya mtoto. Si mtoto yeyote, wetu. Tulikuwa kitandani, mlango umefunguliwa nusu kwa sababu ya joto, na mtu alikuwa akipita na mbwa. Adrian alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu ni mtu mwema, kisha akasema, "Soko likitulia." Nikatazama ukutani. Kwa mujibu wa jedwali lako, soko litatulia robo ya tatu ya mwaka kesho kutwa, isipokuwa mambo yabadilike. Kwa hiyo, Dokta, mwanangu yumo katika jedwali lako. Mstari wa nne kutoka chini, chini ya "Mbao na Saruji". Sidhani ulijua.

Sasa nafika kwenye ombi.

Jumamosi hii saa tano asubuhi, nyumba nambari 14, inayotazamana nasi, itapigwa mnada. Ni ya Bi Lunt, mjane anayehamia Adelaide kwa dada yake. Ina vyumba viwili vya kulala, mti wa ndimu, na mlango wa mbele unaofunguka kwa pembeni kama mlango wa binadamu. Nimeitazama miaka saba. Najua saa ambayo jua huingia jikoni kwake.

Naomba kesho Ijumaa uandike kwamba bei zitapanda. Huhitaji kuamini. Andika tu, kwa sauti ile ile unayotumia siku zote, kwamba atakayekosa kununua Jumamosi atajuta. Adrian atainua mkono. Saa sita mchana unaweza kuzishusha tena, hata kwa asilimia hamsini.

Ikiwa heshima ya taaluma yako hairuhusu, basi naomba uandike neno moja: "Sijui." Adrian ataiheshimu "sijui" yako kuliko "najua" yangu.

Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, naomba uje mwenyewe. Gereji yetu ina nafasi ya mtu mmoja zaidi kati ya friji na mashine ya sosi ya nyanya ya Mama Karmena. Utakaa nasi hadi bei zishuke. Nitakupa sahani yenye picha ya pengwini.

Nisalimie wachumi wenzako, wale wanaokubaliana nawe na wale waliotabiri kinyume na wakakosea vilevile. Mama Karmena anakusalimu na anauliza kama wewe umenunua au umepanga.

Wako katika kusubiri,
Imelda Farrant

N.B. Jumapili.

Sikuituma barua hii. Alhamisi niliona maneno hayajatulia, Ijumaa nikaona nisubiri siku moja. Ndipo nikashtuka, maana nilifahamu ni nani hasa anayesema hivyo nyumbani kwetu.

Jumamosi asubuhi gazeti lilitoka na safu yako: bei zitashuka kwa asilimia ishirini kufikia Krismasi, kwa herufi kubwa kuliko zote ulizowahi kupewa. Nilikaribia kulia. Saa tano watu kama arobaini walisimama mbele ya nyumba ya Bi Lunt, na karibu kila mmoja alikuwa na gazeti kwapani. Dalali akaomba dau la kwanza. Hakuna mkono ulioinuka. Akaomba tena. Akasema, "Mabibi na mabwana, nyumba ni hii hii, haijaungua." Watu wakatazama viatu vyao. Adrian akaninong'oneza, "Unaona? Wote wanasubiri." Mama Karmena akageuka kwenye kiti chake. "Sema, binti. Ukinyamaza nasema mimi, na mimi sina mkopo."

Mimi ni mtu wa kuandika, Dokta. Mbele za watu huwa sisemi. Nikasikia sauti inataja bei, kila tulichokuwa nacho, na watu wakageuka kunitazama.

Hakuna aliyeongeza. Dau halikufika bei aliyoikusudia mwenye nyumba, na unajua desturi yetu: aliyetaja dau kubwa ndiye anayeitwa ndani kwanza kuzungumza. Dau langu lilikuwa kubwa kwa sababu lilikuwa peke yake. Bi Lunt alikuwa jikoni, amejificha nyuma ya pazia, na mezani kulikuwa na gazeti na picha yako chini ya kikombe cha chai. Akamwuliza Adrian, "Mwalimu, wewe mtu wa hesabu. Ni kweli zitashuka hivyo?"

Tungeweza kuipata kwa bei ndogo zaidi kama Adrian angesema ndiyo. Miaka saba alikuwa amesema ndiyo. Akatazama picha yako, akatazama mti wa ndimu, akasema, "Bi Lunt, sijui." Sijawahi kumpenda mtu kiasi kile.

Bi Lunt akapunguza kidogo, sisi tukaongeza kidogo kwa kukubali kuuza gari la Adrian. Alipomaliza kutia saini alisema, "Miaka saba nawaona mmelala mlango wazi. Angalau sasa mtafunga."

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la tano, uyahesabu kama hayajaandikwa, na ombi langu ulipuuze kabisa. Ungenisikiliza, watu arobaini wangeinua mikono. Adrian, ambaye sasa ni mwenye nyumba, anakuomba uendelee kutabiri kwamba bei zitashuka, kila wiki bila kukosa, kwa kuwa amepitia karatasi zako zote ukutani na kuona kinachotokea kila ukisema hivyo.

Mama Karmena hakuweza kungoja tukabidhiwe funguo. Leo alasiri alivuta maboksi kutoka chini ya kitanda na tukafungua sahani za bibi, moja moja. Zote ishirini na nne ni nzima. Utabiri wako umezitunza vizuri sana.

Adrian ameanza kuulizia rangi ya kuta za jikoni. Anasema ni ghali kwa sasa, tusubiri robo moja.

Nimeshainunua.

I.F.