Ruhusa kwa Meza Yangu Tu

Jumatatu, 4 Machi
Hatimaye! Bosi kanikabidhi ghala letu la mtandaoni, inamohifadhiwa michoro yote ya ofisi. Mimi ndiye wa kuandika sera: nani aone nini, nani abadilishe nini. Kasema kila mtu apewe kile kazi yake inachohitaji, basi. Nimemwelewa vizuri: sasa watanijua. Wiki hii atateua mkuu wa kitengo. Tumebaki wawili, mimi na Bi Rula, mchoraji mwenzangu, anayepima hata kina cha kikombe chake.

Jumanne, 5 Machi
Nimeondoa ruhusa za watu wote. Kufika saa tatu, foleni mezani kwangu. Mhasibu kaniletea chai. Miaka sita tuko pamoja, hajawahi kuniletea hata maji. Bi Rula alitaka michoro ya hospitali, ile zabuni ya Ijumaa saa nne. Nikamwambia alete ombi kwa maandishi, aeleze sababu. Akasema sababu ni kwamba kaichora yeye. Nikamwambia na hilo aliandike.

Jumatano, 6 Machi
Kanishtaki. Bosi kaamuru arudishiwe ruhusa leo hii. Haya, nimemrudishia. Ila chini yake nimeongeza mstari mmoja: atakayeingia kwa kompyuta isiyo ya mezani kwangu akataliwe, awe nani awe nani. Uzuri wa mfumo huu, katazo moja hushinda ruhusa kumi. Bi Rula kahangaika mchana kutwa. Nikamweleza Bosi, kwa masikitiko makubwa, kwamba kompyuta ya mama wa watu imechoka.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Akauliza, je, nikihamishwa meza? Nikamwambia mambo ya ufundi awaachie mafundi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepewa chumba cha pembeni! Kina dirisha, kina mlango wake. Bosi kasema mlinzi wa siri za ofisi hakai ukumbini na watu. Mkuu wa kitengo atamtangaza kesho, zabuni ikishatumwa, na wa kuituma ni mimi. Kompyuta nimeletewa mpya kabisa. Ya zamani, pamoja na meza, kapewa Bi Rula, si yake imechoka?

Saa nane nikajaribu kufungua ghala nikague michoro. Likanikataa. Nikataka kuufuta ule mstari. Nikakataliwa tena, maana hata kuibadili sera lazima uingie kwanza. Nimejaribu mara kumi na moja. Kuna njia mbili: nimwendee Bosi, mwenye akaunti kuu isiyozuiwa na sera yoyote, nimweleze niliandika nini, au nikae dakika mbili kwenye meza ya Bi Rula. Nimempitia mara nne. Habanduki. Hata chakula anakulia pale pale. Hospitali ikitukosa, ofisi nzima inakosa kazi mwaka huu, na mimi wa kwanza. Naogopa, sifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tatu na nusu Bosi kasema tuma. Nikasema mtandao leo una kwikwi. Akaenda kwa Bi Rula. Ghala likafunguka papo hapo, zabuni ikaondoka. Bosi akarudi, akafungua sera kwa akaunti kuu, akausoma mstari wangu kwa sauti mbele ya wote. Akaurudia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mkuu wa kitengo ni Bi Rula.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi ukumbini. Bi Rula kampa kila mtu ruhusa ya kazi yake tu. Foleni hakuna, chai hakuna, ofisi imepooza. Mimi nimepewa kabati la karatasi na kalamu. Watu wanajichukulia kama shamba la bibi. Nimenunua kufuli kubwa, na sera nimeibandika mlangoni: wa kufungua ni mimi peke yangu. Wiki iliyopita kosa langu lilikuwa kutegemea meza. Safari hii nimejihadhari. Funguo zote mbili, wenyewe na wa akiba, nimezifungia mle mle kabatini, asiweze mtu kuziiba.