Masharti ya Chumba cha Uani

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Badru mwanangu hana haya! Eti chumba changu cha uani kisipopata mpangaji kufikia Ijumaa, anamleta mama mkwe wake akae humo. Bi Chausiku! Tumetolewa mwali mwaka mmoja, ni rika langu, na mpaka leo anangoja mie ndiye nimwamkie.

Mjukuu wangu Naima anafanya kazi kwenye duka la intaneti, Kinondoni. Nimemwamuru atangaze chumba kwenye kompyuta na aweke fomu. Sharti: majina matatu, lake, la baba na la babu. Asiyemjua babu yake halali Temeke kwangu.

Jumanne, 5 Oktoba
Sharti limekaa. Naima kasema fomu inajikagua hukohuko kwenye kompyuta ya mwombaji, kabla haijatumwa. Ukikosea, yanatoka maandishi mekundu. Nimeyatunga mwenyewe: "Babu yako hana jina?" Naima kauliza kama tuongeze tafadhali. Ya nini?
Zimebaki siku tatu tu!

Jumatano, 6 Oktoba
Mwalimu mmoja Mzungu kataka chumba. Majina mawili! Kajaribu mara sita, mekundu mara sita. Kampigia Naima simu kumuuliza babu yake kakosa nini. Kaishia kupanga kwa jirani yangu Mauwa, naye kapita dirishani kwangu makusudi, anaimba.
Naima kasema bibi, legeza. Nilegeze, mie? Nimeongeza kisanduku cha salamu. Bila shikamoo, fomu haiendi.

Alhamisi, 7 Oktoba
Didas, karani wa Ubungo. Majina matatu, safi! Kwenye salamu kaandika habari za leo. Kakataliwa. Naima kanung'unika kwamba yule ni mzee wa miaka sitini. Mie sabini! Badru kaja kupima dirisha la uani, anataka kumshonea mkwewe pazia.

Ijumaa, 8 Oktoba
Fomu moja imepita! Nikamwambia Naima ajibu karibu, upesi, kabla hajanisomea jina. Ndipo akasoma: Chausiku Mwinjuma Kondo. Nikasema futa. Kasema masharti ni yako bibi, na jibu limeshakwenda.

Saa kumi Bi Chausiku kashuka na godoro. Nikajikaza, nikamwambia angalau safari hii kaniamkia. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kasema fomu kaijaza Badru ofisini kwake; yeye shikamoo hajanipa, asije akanitia uzee bure.

Sawa. Chumba kachukua, choo ni changu. Naima, Jumatatu uniletee fomu ya choo. Majina matatu, shikamoo, na ajaze kwa mkono wake nikimwangalia!