Likiwaka, Naenda Nyumbani

Jumapili, 1 Machi 2015. Al-Hamra, Jeddah
Bosi ameniita gereji, akafunua turubai. Mustang ya 1969, ya marehemu babake. Imelala hapo miaka kumi na mbili. Amesema ikiwaka kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, atanisainia karatasi ya kutoka, niende nyumbani miezi miwili. Nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Ukweli ni kwamba magari nayajua kwa upande wa mlango. Nairobi nilikuwa kondakta. Ajenti ndiye aliyeandika "dereva na fundi" kwenye fomu, eti nichukuliwe haraka. Nilimwacha binti yangu Beverly akiwa wa miezi minne. Sasa ana miaka mitatu. Kwenye simu ananiita anko.

Jumanne, 3 Machi
Nimefungua injini. Vitu vingi mno. Nilivipanga sakafuni kwa mstari nisisahau. Kisha Rael, anayefanya kazi ndani ya nyumba, akatumwa na madam kufagia. Sasa viko kwenye ndoo. Nimemkaripia. Akasema madam akisema fagia, yeye hafagii kwa kuchagua.

Solomon, mlinzi wa lango, alichungulia akacheka. Huyu alitengeneza magari miaka tisa kwenye gereji za Grogan, Nairobi. Ajenti alimwandika mlinzi kwa sababu nafasi ya ulinzi ndiyo iliyokuwepo. Akanishauri nimwambie bosi ukweli, tuifanye pamoja. Nikamwambia achunge lango lake. Anamezea mate karatasi yangu, namjua.

Ijumaa, 6 Machi
Injini mafi, kama wasemavyo Waarabu: hakuna kitu. Nimeamua kuanza na kuipendezesha, hayo mengine yatafuata. Taa za buluu chini. Spika mbili nyuma. Stika za kung'aa kwenye kioo cha mbele: BEVERLY. Nairobi gari hilo lingejaa abiria kabla ya kufika stendi.

Bosi aliizunguka mara mbili. Akauliza ni mwanamke gani huyo kwenye kioo cha babake. Akasema nibandue kila kitu, yalla, upesi, na zimebaki siku saba.

Jumatano, 11 Machi
Nimemeza maringo. Nimemwomba Solomon aishike injini bosi akiwa kazini, mimi nisimame langoni, na asimwambie mtu. Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu, ameikumbuka tu harufu ya petroli.

Akachambua ndoo yangu, akatingisha kichwa. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akarekebisha taimingi. Saa tisa alasiri ikanguruma. Rael alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nililia hapo langoni, nikamwambia Rael ni vumbi.

Ijumaa, 13 Machi
Bosi ameiendesha hadi baharini na kurudi. Amenikumbatia mbele ya wote. Nikamwambia nimefanya kila kitu peke yangu, hata usingizi niliuacha. Solomon alikuwa palepale. Akafunga lango.

Jumamosi, 14 Machi
Bosi amesema fundi kama mimi haachiliwi. Kakake wa Riyadh ana magari manne ya aina hiyo, yote yamekufa. Kesho nahamia huko, miaka miwili. Likizo amempa Solomon, kwa kuwa mlinzi mwingine hakosekani. Halas, yameisha.

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema shukran.

Nimempa Solomon gauni la njano ampelekee Beverly. Alilikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi. Hilo pia limenikera.

Jumapili, 5 Aprili. Riyadh
Leo Pasaka. Huku ni siku ya kazi. Magari manne na hakuna hata moja linalokohoa.

Mke wangu Lydia amepiga simu. Solomon alifika jana na gauni. Beverly alikuwa ameambiwa kuna mtu anakuja kutoka Saudia. Alimkimbilia, akamkumbatia mguu, akamwita baba. Walipojaribu kumweleza, alilia hadi akalala. Nililala chini ya gari la pili nikijifanya natafuta nati, hadi bosi mpya akaniita.

Aliuliza mbona kazi haisongi. Nikasema ni spea. Akauliza kama najua pia kutengeneza viyoyozi, maana vya nyumba nzima vimekufa na joto linakuja. Akasema nikiviweza, huenda akafikiria habari ya likizo.

Nimemwambia Nairobi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa.