Samaki Mbichi Kabla ya Sindano

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Sista Shufaa wa kliniki ya sukari amepiga simu. Anakumbusha tu, kasema. Miezi mitatu imeisha, Jumatatu ijayo nikapimwe. Nilishtuka nikamwachia mbuzi niliyekuwa nimemshika. Akakimbilia kibanda cha mboga na kumaliza sukuma ya mama wa watu.

Miezi mitatu! Nani aliihesabu?

Mwezi wa Mei nilipimwa kumi na nne. Sista akaniambia nimeze vidonge, niache ugali, chapati, wali, mandazi na soda. Sukari isiposhuka, naanza sindano ya insulini. Kila siku. Tumboni! Mimi Nyamai, dalali wa mbuzi hapa Mwingi miaka ishirini na sita, nimedunga mbuzi wasiohesabika. Najua sindano inavyoingia. Najua macho ya mbuzi yanavyofanya. Sitaki.

Vidonge nimemeza. Ugali wa nyumbani nimeacha, maana mke wangu Kathini amefungia unga kwenye sanduku la bati na ufunguo anautundika shingoni. Lakini chapati za Adan, pale nyuma ya soko, ni jambo lingine. Sista alitaja chapati. Hakumtaja Adan.

Siogopi. Nina mpango. Kila dalali anajua kwamba mbuzi wa kwenda kwenye mizani hulambishwa chumvi asubuhi, akanywa maji mpaka tumbo likajaa. Mnunuzi anapima, anaridhika, anaondoka. Mbuzi hupimwa siku ya soko tu. Alivyoshinda juzi hakuna anayeuliza. Mimi nitafanya kinyume: nitajikausha siku mbili kabla.

Jumanne, 19 Agosti

Mutisya ananichosha. Ni dalali mwenzangu, mzee mwenzangu wa kanisa, na sukari anayo kama mimi. Juzi alitoa ushuhuda kwamba yake imeshuka hadi sita. Sita! Kanisa zima likapiga makofi kana kwamba ameacha pombe. Leo sokoni kaniuliza yangu ni ngapi. Nikamjibu kwamba hayo ni kati ya mtu na Mungu wake. Akacheka mpaka mbuzi wakageuka.

Nimekunywa mwarobaini, vikombe vitatu. Naandika haya nikiwa nimesimama, karibu na mlango wa choo.

Lakini kuna habari njema! Binti yetu Mbula kapiga simu. Yeye ni mpishi Makindu, kwenye hoteli ya Mjapani mmoja, Bwana Kuroda, aliyekuja kujenga daraja akakataa kurudi kwao. Jumamosi kila mpishi analeta wazazi wake waje kula. Nilirukaruka uani. Nani amewahi kuona Mjapani mnene? Mimi sijawahi. Basi chakula chao hakina wanga. Jumamosi nakula Kijapani, Jumapili nafunga, Jumatatu napita. Mungu amefungua mlango.

Kathini kasema haamini mlango wowote ninaouona mimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Adan kuaga. Nilimwambia ni chapati moja tu, ya kwaheri. Adan akasema hawezi kumruhusu mzee kama mimi aage nusunusu. Zikawa nne, na mchuzi wa ndengu juu.

Mara Mutisya huyo! Nikafunika sahani kwa kofia. Akasimama kuzungumza habari za mvua, dakika kumi nzima, kisha akaniomba kwa huruma nivae kofia, jua lisije likaniua. Kumbe ameona! Halafu akasema Jumamosi anapeleka mbuzi Makindu na pikapu yake ina nafasi mbele. Nilipofika nyumbani Kathini alikuwa ameshakubali. Mbula naye, kwa adabu alizofunzwa na mama yake, amemwalika mezani.

Kofia haitoki mchuzi.

Jumamosi, 23 Agosti

Sijui nianzie wapi. 

Mutisya alitusimulia damu yake kutoka Mwingi mpaka Kibwezi. Hotelini tukaambiwa tuvue viatu. Viatu, ndani ya hoteli! Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa nje ya soksi, kinasalimia watu. Tukakalishwa sakafuni penye meza fupi, na magoti yangu yakalia kuliko mimi.

Kisha wali. Wali kila mahali! Wali umeviringishwa na majani meusi ya bahari, wali umebeba samaki mgongoni, wali bakulini. Nikamwita Mbula nikamnong'oneza kwamba Wajapani wamenidanganya. Akasema wao wanakula kidogo, wanatembea sana, na hawali chapati nne kwa kikao kimoja. Nani alimwambia? Mutisya alikuwa anatazama dari.

Nikaonyesha samaki wa kukaanga. Amevikwa unga, kasema Mbula. Nikaonyesha kuku anayeng'aa vizuri. Ile sosi ina sukari. Yai la kukunja, je? Lina sukari. Yai! Na wali wenyewe, kabla haujaviringishwa, hutiwa siki na sukari. Nilishika meza kwa mikono miwili. Watu wanatia sukari kwenye wali, halafu mimi ndiye ninayetishiwa sindano!

Mbula akanieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Kwa Mjapani, mtu wa sukari aagize mishikaki ya kuku na aseme chumvi, asiseme sosi. Ale samaki wa kuchoma, soya changa za kwenye maganda, na vipande vya samaki peke yake, bila wali. Nikasema lete hivyo vipande.

Vibichi! Baridi! Vyekundu kama ulimi! Nikauliza jiko limezimika saa ngapi. Akasema ndivyo vinavyoliwa. Mwaitu, mama yangu! Binti niliyemsomesha anamwekea baba yake samaki ambaye hajaona moto! Mutisya akatia kimoja mdomoni, akafumba macho, akasema ni kitamu. Mnafiki. Mimi nilivizamisha kwenye supu ya moto, kimoja kimoja, mpaka vikawa vyeupe. Bwana Kuroda alipita, akatazama, akainamisha kichwa muda mrefu. Nilidhani ni heshima. Kathini anasema mzee wa watu alikuwa anaficha uso.

Halafu Mbula akaleta bakuli alilonipikia mwenyewe. Tambi nyeupe, zimetengenezwa kwa mzizi wa kwao, karibu hazina wanga kabisa. Aliziagiza kwa ajili yangu wiki mbili kabla. Zilikuwa kama kamba za viatu zilizochemshwa, lakini nilizimaliza zote, kwa sababu alisimama pale akiniangalia na mikono ameikunja kwenye aproni. Mutisya akapiga picha.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini Mutisya akaenda msalani, na sahani yake ya wali wa kuviringisha ikabaki mbele yangu. Vipande sita. Aliporudi sahani ilikuwa tupu. Nikamwambia Wajapani wana vipimo vidogo. Kathini akanyoosha kidole akaondoa punje moja ya wali kwenye masharubu yangu. 

Jumapili, 24 Agosti

Nimeonewa! Picha iko kwenye Watsapu ya kanisa. Mimi, mdomo wazi, tambi zinaning'inia hadi kidevuni. Chini Mutisya kaandika tumwombee ndugu yetu. Chakula pekee cha haki nilichokula tangu Mei, ndicho kilichonitia hatiani!

Pasta akahubiri juu ya Esau aliyeuza urithi wake kwa bakuli la mchuzi. Watu wakageuka safu kwa safu. Nilitaka kusimama niwaeleze ule mzizi. Kathini akanivuta koti.

Nimefunga kutwa, maji tu. Nimezunguka zizi mara arobaini. Saa kumi na moja niliona mbuzi wawili mahali ambapo nina mmoja. Mpango unafanya kazi.

Jumatatu, 25 Agosti

Mutisya alitupeleka kliniki kwa pikapu, naye pia apimwe. Sista Shufaa akanitoboa kidole. Saba nukta moja! Saba! Niliinua mikono. Nilisalimiana na foleni yote, hata mtoto wa kuchanjwa. Nilimwambia Mutisya aandike hiyo kwenye Watsapu.

Sista hakucheka. Akasema nikae, bado kuna kipimo kingine. Akachukua tone jingine, akaliweka kwenye mashine nyingine, ndogo, yenye sura ya unafiki. Tukangoja. Kumi na moja na nusu. Nikauliza kumi na moja na nusu ya nini, wakati mimi ni saba. Akasema ile ya kwanza ni ya leo asubuhi. Hii inaonyesha sukari ilivyokuwa miezi mitatu yote, na ilitakiwa iwe chini ya saba.

Miezi mitatu! Kitu gani kinakumbuka miezi mitatu? Mimi mwenyewe sikumbuki nilichokula Ijumaa! Nikamweleza kistaarabu kwamba hata mbuzi hupimwa siku ya soko tu. Sista akanitazama, akaniita Mzee Nyamai kwa upole, akasema damu haina siku ya soko.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nimeufundisha usemi huo Jumapili ya vijana.

Nilitegemea Kathini anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akashika ule ufunguo wa sanduku shingoni mwake, akasema baba yake alianza hivihivi. Kwanza kidole cha mguu, kisha mguu, kisha yeye. Akalia mbele ya watu. Niliona aibu hadi miguuni. Ningemtoa sadaka Adan na kibanda chake chote ili Kathini anyamaze.

Mutisya alipimwa zote mbili: sita na sita. Hakujigamba. Alituendesha hadi nyumbani, na picha ya tambi ameifuta. Hilo limeniuma kuliko ushuhuda wake.

Jumanne, 26 Agosti

Asubuhi Kathini alinidunga insulini ya kwanza, kama Sista alivyomfundisha. Nilifumba macho. Nilisikia mbuzi akilia, kumbe ni mimi. Kisha nikauliza ataanza lini, naye alikuwa ameshafunika sindano.

Haiumi! Ni nyembamba kama unywele! Miezi mitatu naogopa kitu hicho! Nimemwahidi Kathini nimebadilika. Nimemshika mkono. Nilimaanisha kabisa, na ninamaanisha hata sasa.

Nimempigia Sista Shufaa kumshukuru. Amesema kipimo kingine ni tarehe moja Desemba. Nikamuuliza, kwa ajili ya kujielimisha tu, damu inakumbuka miezi mitatu kamili? Akasema takribani hiyo.

Nimechukua kalenda ya kanisa nikahesabu kurudi nyuma, mara mbili, kwa kidole. Tarehe moja Desemba, miezi mitatu, ni tarehe moja Septemba. Leo ni ishirini na sita Agosti. Nilishtuka nikakaa chini. Zimebaki siku sita ambazo hakuna damu itakayozikumbuka.

Nimemtumia Adan ujumbe aniwekee nne pembeni, na nitakuja bila kofia.